Je, Wajua? Nati Moja ya Shoki Inaweza Kuua

Je, wajua kwamba shoki ya mbele ya Probox inayopanda mlima hadi Kapsokwony ilibuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940? Aliunganisha shokomzoba na springi kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kuibadilisha nyumbani ni kazi ya hatari.

Springi hiyo imebanwa wakati wote, hata gari likiwa limeinuliwa. Kinachoizuia isifyatuke ni nati moja ya katikati, juu kabisa, ile unayoiona ukifungua boneti. Usiifungue kabla ya kuibana springi kwa vibano viwili vinavyotazamana, ukivikaza kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka springi ilegee kwenye kitako chake. Ikifyatuka, inavunja taya. Kama huna vibano, ing'oe shoki nzima bila kugusa nati hiyo, umpelekee fundi mwenye navyo.

Kabla ya kuanza kazi, tafuta mahali tambarare, jambo gumu kidogo kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, vuta handbreki, kisha tegemeza gari kwa stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki. Ukiing'oa shoki, paipu ya breki isiachwe ibebe uzito.

Badilisha shoki zote mbili za mbele, kisha upeleke gari likapimwe alaimenti kabla ya safari ya Bungoma au Kitale.