Ukungu, Kuvu au Fangasi? Istilahi za Maambukizi ya Kuvu kwenye Jicho

Makala haya yanajadili maneno matatu yanayotumika kutajia ugonjwa mmoja wa jicho usiozungumzwa sana: kidonda cha konea kinachosababishwa na kuvu. Konea ni utando mwangavu unaofunika mboni kwa mbele. Huambukizwa hasa inapochubuliwa na kitu cha mimea, kama vile jani la muhindi, mwiba au kijiti. Kuvu za jenasi Fusarium na Aspergillus, zinazopatikana udongoni na kwenye mimea, hupenya katika mchubuko huo. Jicho huwa jekundu, huuma, hutoa machozi, na doa jeupe hujitokeza kwenye konea. Katika nchi za baridi ugonjwa huu ni nadra. Katika nchi za joto zenye wakulima wengi, hutokea mara nyingi zaidi.

Utata wa kwanza umo katika neno ukungu. Neno hili hutaja mvuke mzito wa asubuhi unaozuia kuona mbali. Hutaja pia uoto unaotanda juu ya mkate uliochacha au nguo zenye unyevu. Mgonjwa anaposema “naona ukungu”, anaeleza dalili, yaani uoni hafifu. Mwandishi wa kijitabu cha afya anapoandika “ukungu wa jicho”, huenda anataja chanzo cha ugonjwa. Dalili hiyohiyo huletwa na mtoto wa jicho, ambaye kwa kawaida anaweza kusubiri upasuaji kwa miezi. Kidonda cha kuvu hakisubiri: kisipotibiwa mapema, konea inaweza kutoboka na jicho likapotea.

Neno fangasi, lililozoeleka katika mazungumzo, lina kasoro tofauti. Humfanya msikilizaji afikirie mwasho wa vidole vya miguu, mba au choa, maradhi ya ngozi ambayo wengi hawayaogopi.

Athari za mkanganyiko huu huonekana katika tiba. Matone ya antibaiotiki huua bakteria, si kuvu. Matone yenye steroidi hupunguza wekundu na kumpa mgonjwa matumaini, ilhali yanadhoofisha kinga ya jicho na kuzipa kuvu nafasi ya kuenea. Uthibitisho hupatikana kwa kukwangua kidonda na kuchunguza kilichokwanguliwa kwa hadubini. Miongoni mwa dawa mahususi ni matone ya natamaisini, yaliyoingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017.

Kwa hiyo, yafaa neno ukungu libaki kuwa la dalili, neno kuvu litaje kiumbe, na ugonjwa uitwe kidonda cha kuvu cha konea. Katika maelezo kwa umma, fangasi litajwe sambamba na kuvu kwa kuwa ndilo linalofahamika. Hata hivyo, istilahi sanifu haitatosha bila swali sahihi. Mgonjwa asemaye anaona ukungu aulizwe kwanza iwapo jicho lake lilichomwa na jani au kijiti.