Homa ya mtoto: Malaria ikikosekana, seli nyeupe zina la kusema

MAMA anayevusha nyanya au vitenge kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda mara nyingi huvuka na mtoto mgongoni. Mwili wa mtoto ukichemka, wengi hukimbilia duka la dawa lililo karibu: dawa mseto ya malaria, na chupa ya amoksilini juu yake kwa tahadhari.

Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tatizo huanza kipimo kinaposema hakuna malaria. Je, ni bakteria au virusi? Bakteria hutibiwa kwa antibayotiki. Virusi haviuawi nazo. Kuzitumia ovyo huzalisha usugu, na usugu hauombi pasi mpakani.

Hapo ndipo seli nyeupe za damu, askari wa mwili, zinapotoa ushahidi. Bakteria wakiingia, seli ziitwazo nyutrofili kwa kawaida huongezeka. Kwa virusi vingi, limfosaiti ndizo huzidi. Kipimo cha picha kamili ya damu huonyesha hesabu hiyo, ingawa peke yake hakitoshi.

Watafiti wamechunguza pia alama za seli hizo. Alama ya CD64 huwa kidogo kwenye nyutrofili za mtu asiye mgonjwa, lakini hupanda bakteria wanaposhambulia. Protini ya MxA hupanda ndani ya seli nyeupe mwili unapopambana na virusi. Wengi wanaijua CD4 katika huduma za VVU. CD64 husomwa kwa teknolojia ya aina hiyo. Mashine zake ni ghali, hivyo usitarajie kuikuta kila zahanati.

Kwa anayevuka mpaka, karatasi ni muhimu. Baadhi ya vipimo vya haraka huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Aliyetibiwa Busia akipimwa Kampala juma linalofuata, anaweza kutibiwa malaria tena huku ugonjwa mpya ukiachwa. Antibayotiki alizokwisha kunywa nazo huweza kuficha bakteria maabara. Beba majibu, majina ya dawa na tarehe.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea kupita kawaida, mzigo usubiri. Mpeleke hospitali iliyo karibu, upande wowote wa mpaka.