Zuhura Huzama Upande wa Kongo

Mkazi wa Kigoma anayetaka kuanza kutazama sayari hahitaji kununua chochote. Ukisimama Kibirizi, Katonga au ufukweni Ujiji, magharibi yote iko wazi: maji ya Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo. Jua likishazama huko, tafuta kwanza Zuhura, ambayo hakuna nyota inayoifikia kwa mwanga.

Zuhura iko karibu na jua kuliko dunia yetu, hivyo machoni petu haiwezi kuachana na jua kwa zaidi ya nyuzi 47. Anga nalo huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo Zuhura ya jioni huzama saa tatu hivi baada ya jua, au mapema zaidi. Kitu king'aavu kilicho utosini saa sita usiku si Zuhura. Huenda ni Mshtarii. Na ipo miezi ambayo Zuhura huonekana alfajiri tu.

Ukipata ratiba ya kuzama kwa jua na sayari iliyokokotolewa kwa Dar es Salaam, ongeza kama dakika 38. Saa zetu ni zilezile, lakini Kigoma iko magharibi zaidi, na jua lake huzama karibu saa moja usiku.

Nyota humetameta kwa sababu iko mbali mno, na nukta yake ya mwanga huyumbishwa na hewa. Sayari ni kiduara, hivyo mwanga wake hutulia. Mirihi nyekundu hutulia hivyo, ilhali Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, humetameta. Chini kabisa, juu ya ziwa, taa za wavuvi wa dagaa hudanganya hata macho mazuri. Subiri dakika kumi: sayari itakuwa imeshuka, taa itabaki juu ya maji.

Tukiwa karibu na ikweta, njia ya jua na sayari husimama karibu wima juu ya upeo. Ndiyo maana Utaridi, inayowasumbua watazamaji wa Ulaya, huonekana kwa urahisi zaidi hapa.

Darubini ndogo ya mkononi, ikitulizwa vizuri, huonyesha miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Lakini usiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote. Retina, utando wa nyuma ya jicho, haihisi maumivu. Huungua kimya kimya na mtu akapoteza uwezo wa kuona. Mzazi, shika darubini wewe mwenyewe mpaka jua lizame, ndipo umpe mtoto.