KUGAWANYA HISA SI KUGAWANA MALI

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, neno "hisa" si geni tena. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, iko mikononi mwa kampuni ya ubia iitwayo Tembo Nickel, na dhahabu ya Tulawaka, wilayani Biharamulo, imepita katika mikono ya wenye hisa wa aina mbalimbali tangu mgodi uanze uzalishaji mwaka 2005. Lakini kulisikia neno si kulielewa. Kada anayesimama mbele ya wananchi hana budi kujua hisa ni nini, na idadi yake inapobadilika nani anapata na nani anakosa.

Upungufu wetu katika jambo hili una historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, na katazo hilo lililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Kwa hiyo kizazi kizima cha viongozi kilikua bila kuwa na sababu ya kujifunza hesabu hizi. Tuanze basi na misingi.

HISA NI SEHEMU, SI KITU

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mtu akikwambia ana hisa 1,000, hajakwambia lolote mpaka akueleze kampuni nzima ina hisa ngapi. Mwenye hisa 1,000 katika kampuni yenye hisa 10,000 anamiliki asilimia 10. Mwenye hisa 1,000 katika kampuni yenye hisa milioni 100 ni sawa na tone ziwani. Kura zake katika mkutano mkuu, na fungu lake la faida linaloitwa gawio, hufuata sehemu hiyo.

KUGAWANYA HISA

Chukua mkungu wa ndizi. Ukiukata vichane vitano, kisha kila kichane ukakigawa mara mbili, utakuwa na vipande kumi, lakini ndizi ni zile zile. Hivyo ndivyo kampuni inavyogawanya hisa zake. Kila hisa moja hufanywa kumi, kwa mfano, na bei ya kila moja hushuka mpaka moja ya kumi. Aliyekuwa na hisa 100 za shilingi 5,000 kila moja alikuwa na mali ya shilingi 500,000. Baada ya mgawanyo ana hisa 1,000 za shilingi 500, yaani shilingi 500,000 zile zile. Gawio kwa kila hisa nalo hugawanywa kwa kumi.

Majirani zetu wa Kenya wamefanya hivyo mara kadhaa. Benki ya KCB iligawanya kila hisa kuwa kumi mwaka 2007, na thamani iliyoandikwa katika kila hisa ikashuka kutoka shilingi 10 ya Kenya hadi shilingi 1. Benki ya Equity ilifanya vivyo hivyo mwaka 2009, kutoka shilingi 5 hadi senti 50.

Basi kwa nini kampuni ijisumbue? Kwa sababu bei ya hisa moja ikiwa kubwa, mwenye kipato kidogo hawezi kununua. Bei ikiwa ndogo wanunuzi huongezeka, na wakiongezeka bei inaweza kupanda. Lakini kupanda huko kunatokana na wingi wa wanunuzi na matumaini yao. Mgawanyo wenyewe haukuongeza hata senti moja ghalani. Kwa hiyo mtu akija kijijini akasema, "Nunueni upesi, hisa zetu zimezaa mara kumi," ajibiwe kwamba mkungu ni ule ule.

KUUNGANISHA HISA

Njia ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Kampuni huunganisha hisa nyingi kuwa moja, na bei ya hiyo moja hupanda kwa kiwango hicho hicho. Benki ya Citigroup ya Marekani iliunganisha kila hisa kumi kuwa moja mwezi Mei 2011, na bei iliyokuwa kati ya dola 4 na 5 ikawa kati ya dola 40 na 50. Hakuna aliyetajirika siku hiyo.

Mara nyingi hatua hii hufuata udhaifu. Soko la hisa la New York, kwa mfano, huionya kampuni ambayo bei yake ya wastani imekuwa chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara mfululizo, na isipojirekebisha huweza kuondolewa sokoni. Kuunganisha hisa huinua bei iliyoandikwa, bali hakuponyi ugonjwa uliyoishusha.

Hapa mdogo ana jambo la kuangalia. Ikiwa kila hisa kumi zinafanywa moja, mwenye hisa saba hafikishi hata moja. Mara nyingi hulipwa fedha kidogo kwa kile kipande, na hapo amekoma kuwa mwenye hisa. Mwenye hisa milioni haoni tofauti.

HATARI ILIPO HASA

Sasa tufike kwenye kiini. Kugawanya na kuunganisha huwagusa wote kwa kipimo kimoja. Kinachobadilisha sehemu ya mtu ni kampuni kutoa hisa mpya na kuwapa wengine.

Tuseme kampuni ina hisa 100, na umma una 16. Kila moja ikigawanywa kuwa kumi, umma una 160 kati ya 1,000, nayo ni asilimia 16. Kila mbili zikiunganishwa, umma una 8 kati ya 50, nayo ni asilimia 16. Lakini zikitolewa hisa mpya 100 kwa wawekezaji wengine, umma una 16 kati ya 200, nayo ni asilimia 8. Hakuna hisa yake hata moja iliyochukuliwa, na bado nusu ya sehemu yake imekwenda. Ni kweli kwamba wageni huleta fedha, na kampuni inaweza kukua. Lakini wakiuziwa kwa bei ya chini, wa zamani wamepunjwa, na kwa vyovyote sauti yao katika maamuzi imepungua.

Mfano huu una maana kwa Ngara. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliipa Serikali haki ya kuwa na hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, tena hisa zisizofifishwa. Maana yake ni kwamba hata mtaji ukiongezwa kwa hisa mpya, sehemu ya Serikali haishuki. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Januari 2021, Tembo Nickel iliundwa kwa mpango huo: asilimia 16 ya Serikali na asilimia 84 ya kampuni ya Kabanga Nickel.

Juu ya Kabanga Nickel iko kampuni mama, Lifezone Metals, ambayo hisa zake zilianza kuuzwa New York mwezi Julai 2023. Wakati huo wenye hisa wa zamani walibadilishiwa hisa zao kwa hisa nyingi zaidi za kampuni mpya. Mabadiliko hayo yalifanyika juu, na asilimia 16 iliyoko chini, katika Tembo Nickel, haikuguswa.

Biharamulo inafundisha hivyo hivyo. Tulawaka ilikuwa ya Barrick kwa asilimia 70 na ya MDN ya Canada kwa asilimia 30. Idadi ya hisa za MDN katika soko la Canada ilikuwa hesabu ya wenye hisa wake. Haikuipa ratili moja zaidi ya dhahabu ya Tulawaka. Umiliki wa mgodi ulibadilika kweli mwaka 2013, uliponunuliwa na STAMICO, shirika la umma.

MASWALI MATATU

Tukisikia kwamba hisa za kampuni fulani zimebadilika, iwe kampuni ya madini, benki au chombo cha wakulima, tuulize haya. Je, idadi imebadilika kwa wote kwa kipimo kimoja, au kuna waliopewa hisa mpya? Je, badiliko liko katika kampuni yenye mali, au katika kampuni mama iliyo juu yake? Na je, mwenye hisa chache atabaki ndani, au atatolewa kwa malipo ya kipande?

Asiyeweza kuuliza maswali haya atashangilia siku ambayo hakupata kitu, na atanyamaza siku anayopunguziwa chake.