Bia ya Nyumbani na Bia ya Kiwandani Zikionjwa Bila Lebo

Uonjaji bila lebo ni njia ya kupima bia ambapo mnywaji hupewa glasi zenye namba tu, asijue ipi imepikwa nyumbani na ipi imetoka kiwandani. Kampuni kubwa huutumia mara kwa mara kulinda ladha ya chapa zao. Kwa mpishi mdogo anayefikiria kugeuza kazi yake ya jikoni kuwa biashara, faida yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa humwonyesha kama anapitwa na kiwanda ndani ya glasi au anapitwa kwenye jina, bei na usambazaji. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina gharama yake.

Nguvu ya lebo imepimwa kwa muda mrefu. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani Ralph Allison na Kenneth Uhl walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa katika masomo ya masoko. Waliwagawia wanywaji bia za kupeleka nyumbani, kwanza katika chupa zisizo na lebo, kisha bia zilezile zikiwa na lebo zake. Katika awamu ya kwanza wanywaji kwa jumla hawakuweza kuitambua bia waliyozoea, wala hawakuipa alama za juu kuliko nyingine. Lebo ziliporudi, alama zilipanda na wanywaji kwa jumla wakaipendelea bia waliyoizoea. Nusu karne baadaye, mwaka 2014, Johan Almenberg, Anna Dreber na Robin Goldstein walitumia bia tatu za Ulaya zinazofanana kwa aina, yaani Czechvar, Heineken na Stella Artois. Katika majaribio mawili kati ya matatu, waonjaji waliotakiwa kuzitofautisha hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha.

Utafiti mwingine unamgusa mpika bia wa nyumbani moja kwa moja. Mwaka 2006 Leonard Lee na wenzake walichapisha matokeo ya uonjaji uliofanyika katika baa za Cambridge, Massachusetts, ambako bia ya kawaida ilishindanishwa na bia hiyohiyo iliyotiwa matone ya siki ya balsamu. Wengi wa wasioambiwa lolote waliipenda ile yenye siki. Walioambiwa kabla ya kuonja waliikataa kwa wingi. Walioambiwa baada ya kuonja hawakubadilika sana. Taarifa inayotangulia huingia ndani ya ladha yenyewe, ilhali ile inayofuata hukuta ulimi umeshaamua. Ndiyo maana maneno "hii nimeipika mwenyewe," yakisemwa wakati wa kumimina, huharibu jaribio zima. Rafiki atasifu kwa adabu, na mgeni ataanza kutafuta kasoro.

Kuficha lebo peke yake hakutoshi, kwa sababu bia ya nyumbani hujitambulisha kwa njia nyingine. Chupa iliyoachwa itengeneze gesi yake huwa na mashapo ya hamira chini, wakati ya kiwandani imechujwa na kung'aa. Povu hutofautiana, na rangi huwa na ukungu kidogo. Kwa hiyo bia zote humiminwa kwanza kwenye jagi, mashapo yakiachwa kwenye chupa, kisha hugawiwa katika vikombe visivyopitisha mwanga. Zote hukaa kwenye friji moja ili ziwe na ubaridi mmoja. Tofauti ya nyuzi chache tu humpa mwonjaji dalili isiyohusiana na ladha, na bia iliyopoa mno huficha kasoro zake. Kiasi cha mililita 50 hadi 60 kinatosha kwa kila kikombe. Anayemimina hatakiwi kuwa yuleyule anayegawa, maana uso wa mpishi husomeka.

Bia ya kiwandani nayo inastahili haki, na hili husahaulika mara nyingi. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka kwa wiki kadhaa haiwakilishi kazi ya kiwanda. Mwanga huvunja sehemu ya uchungu wa hopsi na kuzaa harufu kali inayofanana na ya kicheche. Chupa za kijani na nyeupe hukinga mwanga kidogo sana kuliko za kahawia. Joto nalo huzeesha bia hadi inuke boksi lililoloa. Mpishi anayeishinda bia iliyochoka ya dukani amemshinda muuza duka, na akiupeleka ushindi huo kwa mkopeshaji wa mtaji anamdanganya yeye na kujidanganya mwenyewe. Tarehe ya kutengenezwa isomwe, na chupa itoke kwenye kreti iliyohifadhiwa gizani.

Njia inayoaminika zaidi ya kuanzia ni jaribio la pembetatu, lililoendelezwa katika kiwanda cha Carlsberg huko Denmark miaka ya 1940. Mwonjaji hupewa vikombe vitatu, viwili vikiwa na bia moja na cha tatu bia nyingine, na kazi yake ni kukitaja kile kilicho tofauti. Haulizwi ipi ni tamu. Mpangilio wa vikombe una namna sita, na zote hutumiwa kwa idadi sawa ili nafasi ya kikombe mezani isiamue jibu. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja kati ya watatu atapatia. Hivyo kundi la watu 24 litatoa majibu sahihi yapatayo 8 hata kama bia zote zimetoka pipa moja. Ili isemwe kwamba tofauti inaonjeka, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 ya uwezekano wa kukosea, wanahitajika 13 waliopatia. Kwa watu 12 wanahitajika 8.

Hesabu za namna hii zina historia ndani ya biashara ya bia yenyewe. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness mjini Dublin alipotafuta njia ya kutoa hitimisho la kuaminika kutokana na sampuli chache za shayiri na hopsi. Mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la bandia la Student, na kipimo chake sasa hufundishwa katika vyuo vikuu duniani kote. Tatizo lake ndilo la mpishi wa nyumbani, kwamba data ni chache na uamuzi ni wa fedha.

Uchache huo ndio mtego. Majaribio mengi ya nyumbani hufanywa na marafiki watano, na wakishindwa kutofautisha, mpishi hutangaza kwamba bia yake ni sawa na ya kiwanda. Watano hawawezi kuthibitisha usawa. Tuseme tofauti ni ya kweli na ni kubwa kiasi kwamba nusu ya watu huweza kuipatia. Kundi la watano, ambalo linahitaji wanne wapatie, litaikosa zaidi ya mara nne kati ya tano. Kutoiona tofauti katika kundi dogo ni ukosefu wa ushahidi tu, na hapa ndipo wapishi wengi wenye kipaji hupotea: hununua mitambo kwa kutegemea jioni moja ya kirafiki.

Swali la upendeleo huja baada ya hapo, na huulizwa kwa wale waliotofautisha pekee au katika jaribio jingine la vikombe viwili. Hapa kubahatisha ni nusu kwa nusu, na kati ya watu 24 wanahitajika 18 upande mmoja kabla ya kusema kwamba bia fulani inapendwa zaidi. Ushindi wa 14 kwa 10, ambao ungeshangiliwa mezani, hauna uzito wowote.

Je, tofauti zenyewe hutoka wapi? Kiwanda hulinda bia yake dhidi ya oksijeni kwa ukali ambao ndoo na mpira wa kunyonyea vya nyumbani haviwezi kuufikia. Huichuja, na aghalabu huipasha joto la karibu nyuzi 60 ili isafiri mbali bila kuharibika. Huchanganya mapipa mengi ili ladha ya Januari iwe ya Juni. Mpishi wa nyumbani hana hayo, lakini bia yake haijachujwa wala kupashwa joto, na huweza kunywewa ikiwa mbichi kabisa. Kwa bia zenye hopsi nyingi, ambazo harufu yake hufifia haraka, upya huo ni silaha halisi. Kwa lager nyepesi mambo hugeuka. Bia hiyo haina pa kujificha: hamira isiposimamiwa kwenye ubaridi wa nyuzi kama 8 hadi 13 kwa muda wa kutosha, harufu ya siagi au tofaa bichi hujitokeza mara moja. Anayechagua lager ya kawaida kuwa uwanja wa kushindania amechagua mahali ambapo kiwanda kina nguvu kuliko kwingine kote.

Marekani ndiko safari ya kutoka jikoni hadi sokoni inakoonekana vizuri. Sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 757, bila kodi na bila kuuza. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani huko Chico, California, alishiriki kuanzisha Sierra Nevada, ambayo imekuwa kati ya kampuni kubwa za bia za kujitegemea nchini humo. Mpango wa waamuzi wa BJCP, ulioanza mwaka 1985, huzipa bia za nyumbani alama hadi 50 bila kumjua mpishi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Alama hizo hupima ukaribu wa bia na aina yake iliyoandikwa kwenye mwongozo. Haziulizi kama mtu angeinunua, na medali nyingi hazijawahi kugeuka mauzo.

Afrika Mashariki jaribio hili linahitaji kupangwa upya. Pombe ya nyumbani hapa ni mbege ya ndizi, ulezi na magome ya msesewa huko Kilimanjaro, busaa ya mahindi na ulezi magharibi mwa Kenya, ulanzi wa mianzi Iringa, au urwagwa wa ndizi Rwanda. Nyingi ni nzito na chachu, na nyingine huendelea kuchachuka ndani ya chombo. Kuiweka mbege kando ya lager hakumfundishi mtu chochote, kwa sababu hata aliyefumba macho atazitambua kwa tone la kwanza. Mshindani wake wa haki ni bia nzito ya kiwandani kama Chibuku, iliyoanzia Zambia miaka ya 1950 na kuenea nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika. Hapo siku ya kuchachuka lazima ilinganishwe, kwani mbege ya leo na ya kesho ni vinywaji viwili. Pombe kali za kienyeji kama gongo na chang'aa zisiingizwe kabisa katika uonjaji wa aina hii. Ulimi hautambui sumu ya methanoli. Kazi hiyo ni ya maabara.

Soko la Kenya limeonyesha pia jinsi bei inavyoweza kuishinda ladha. Kampuni ya bia ya EABL iliingiza sokoni bia ya Senator Keg mwaka 2004, ikisamehewa ushuru ili iwavute wanywaji wa pombe haramu. Msamaha ulipopunguzwa hadi asilimia 50 mwaka 2013, bei ilipanda na mauzo yakaporomoka, ingawa ladha ilibaki ileile. Mwaka 2015 msamaha ulipandishwa hadi asilimia 90.

Kwa mpishi anayetaka kuingia sokoni, basi, mpangilio wa majaribio unaofaa huanza na bia yake mwenyewe. Pipa la kwanza na la tatu huwekwa kwenye jaribio la pembetatu, moja dhidi ya jingine. Waonjaji wakiyatofautisha, mpishi bado hajapata bia ya kuuza, na ulinganisho na kiwanda usubiri. Yakifanana, chupa za pipa moja huonjwa zikiwa na wiki mbili na tena zikiwa na wiki nane, kwa kuwa huo ndio muda ambao mnunuzi anaweza kukutana nazo dukani. Kisha ndipo huja bia ya kiwandani, kwanza kwa namba tu, na mwisho lebo na bei zikiwa mezani. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ya mwisho ndiyo inayomwonyesha mpishi kiasi cha fedha kinachopaswa kwenda kwenye jina na usambazaji, na kiasi kinachopaswa kubaki kwenye kimea, hopsi na friji.