Ngoma Isiyo na Ngozi

Basi la kutoka Dar es Salaam likiingia stendi ya Misuna, Singida, siku mbili tatu kabla ya Krismasi, muziki hushuka kabla ya abiria. Dereva hajazima injini, mlango umefunguliwa nusu, na wimbo uliokuwa kwenye televisheni ya basi tangu Morogoro unamwagika hadi kwa akina mama wauza karanga. Abiria wenyewe wamechoka, miguu imevimba, kilomita kama 700 si mchezo, ila midomo bado inaimba. Wameusikia wimbo ule mara sita au saba njiani. Aliyekuwa akiuchukia pale Kibaigwa, Manyoni ameshasalimu amri.

Tangu 2024 wapo wanaopanda treni ya SGR mpaka Dodoma na kumalizia safari kwa basi. Hao hufika na wimbo umewakolea nusu tu, na nyumbani wanatambulika.

Kwetu Singida likizo ya Desemba ina mambo mawili yanayogongana. Shule zinafungwa mwanzoni mwa mwezi, na mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja tu mpaka kwenye Aprili, zinaanza kipindi hichohicho. Kwa hiyo mtoto wa mjini anayekuja kula sikukuu kwa bibi hukabidhiwa jembe kabla ya kukabidhiwa paja la kuku. Alizeti haingoji mtu, uwele hali kadhalika. Mjomba hana hotuba. Saa kumi na mbili asubuhi anagonga dirisha na kusema, "Wajomba, jua linatoka," basi, mmeelewa.

Nyimbo za likizo nimezijulia huko shambani zaidi ya mahali pengine popote. Desemba 2023 tulikuwa sita kwenye mstari mmoja, upande wa Ilongero, tukipanda mahindi. Binamu mmoja kutoka Mbagala akaanzisha "Enjoy" ya Jux na Diamond Platnumz, wimbo ambao mwaka ule hukuwa na pa kuukimbia. Kiitikio kikaitikiwa vizuri, majembe yakaanguka pamoja. Akaingia ubeti wa kwanza, akafika katikati, akasahau. Kimya cha jembe moja, la pili. Hapo kijana wa jirani, ambaye hajawahi kuvuka Dodoma, akachomeka ubeti wake mwenyewe: kwamba mgeni wetu ameshika jembe kama fagio la hotelini, na bibi amehesabu mashimo yake akakuta machache kuliko ya kuku. Sisi tukapokea kwa kiitikio kilekile cha Jux, kama vile mzaha huo ulikuwemo tangu studio.

Saa nzima iliyofuata hakuna aliyerudi kwenye mashairi ya asili. Kila mtu alichanwa, mjomba akiwemo.

Nadhani jambo hili wengi hawalioni wanapolalamika kwamba Bongo Fleva imeua ngoma za asili. Ngoma za huku, kwa Wanyaturu ambao wenyewe hujiita Warimi, kwa Wanyiramba na Wanyisanzu, hata kwa Wagogo wa Manyoni wenye muheme wao unaopigwa na wanawake, zina mwimbishaji na waitikiaji. Mwimbishaji ana ruhusa ya kutunga papo hapo: anamsifu mwenye shughuli, anamsema mvivu, anamchokoza mtani. Waitikiaji kazi yao ni kushikilia nguzo nyumba isianguke. Wimbo wa mjini ukifika kijijini, beti zake huporomoka njiani kama mizigo iliyofungwa vibaya juu ya basi. Kinachofika salama ni kiitikio. Na kiitikio ndicho tulichokuwa tunakihitaji, maana beti tunazo wenyewe, za kutosha.

Hata neno limesafiri hivyohivyo. Vijana wakiupenda wimbo wanasema "hii ngoma kali." Bibi yangu aliposikia hivyo mara ya kwanza aliangalia simu, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Ngoma gani hii haina ngozi?" Tulicheka. Lakini jioni ile nilimwona akipiga goti kwa kiganja, taratibu, kwa mapigo yaleyale ya kwenye simu. Ngozi aliipata.

Zamani wimbo ulifika kwa shida zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumbani tulikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya paa la tembe pamoja na mlenda. Redio nayo tuliipandisha hukohuko paani, au juu ya yale mawe makubwa yaliyotapakaa Singida kama yamesahauliwa na mtu, ili ikamate mawimbi. Dada yangu alikuwa na kaunta buku, kurasa za mbele Baiolojia, kurasa za nyuma nyimbo. Wimbo ukianza hewani, mmoja anaandika mstari wa kwanza, mwingine wa pili, mwingine wa tatu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuandika haraka kama wale jamaa walivyochana. Baadaye tunaunganisha. Pengo likibaki, tunangoja wimbo urudiwe, pengine wiki nzima. Likizo ikifika, daftari lile lilikuwa mali. Liliazimwa kwa masharti, na aliyerudisha limechanika alilipa kwa kuchota maji.

Kwenye daftari hilo "Ndio Mzee" ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ilichukua kurasa tatu. Ni mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana na umati unaomkubalia kila kitu. Watoto wa kijijini hawakuhitaji kufafanuliwa. Mkutano wa kijiji ukiitishwa chini ya mti, walikaa nyuma kabisa, na kila ahadi ilipotolewa walijibu kwa jina la wimbo, kwa sauti ya chini, kwa adabu zote. Wazee waliona ni heshima. Mimi nilikuwa mmoja wao na sijatubu. Professor Jay mwenyewe baadaye akagombea kweli, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 mpaka 2020.

Halafu akaja Mr. Nice na mtindo alioubatiza TAKEU, kwa Tanzania, Kenya na Uganda. "Kidali Po" yake haikuhitaji daftari. Jina ni la mchezo wa watoto, na watoto waliichukua kama kitu chao kilichokuwa kimeazimwa kwa muda. Karibu na kipindi hicho Saida Karoli aliimba Kihaya na nchi nzima ikaimba naye bila kujua inasema nini; kwetu mama mdogo alikuwa na tafsiri yake kamili ya "Maria Salome" ambayo hakuna Mhaya angeitambua. Diamond na Rayvanny walipoufufua kwa jina la "Salome" mwaka 2016, mama mdogo alikasirika. Alisema wamekosea maneno.

Wazee wetu walikuwa wakihesabu miaka kwa njaa na kwa nzige. Siku hizi nasikia ikihesabiwa kwa vibao. Dada alifunga ndoa mwaka wa "Cinderella" ya Ali Kiba, yaani 2007. Mtoto wa jirani amezaliwa Desemba ya "Waah", ile ya Diamond na Koffi Olomide iliyotoka mwishoni mwa Novemba 2020 na kukuta watu wanafungasha mabegi. Ukiuliza lini tulichimba kisima, utaambiwa kabla ya "Tetema". Nimejaribu kuhakiki, na mara nyingi wako sahihi kuliko kumbukumbu za ofisini.

Desemba ya 2018 ilikuwa ya pekee. Rayvanny na Diamond walikuwa wametoa "Mwanza" mwezi Novemba, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia kwa sababu ya maneno yake. Wakauimba jukwaani hukohuko Mwanza, na kabla ya Krismasi wakazuiwa kufanya maonyesho kabisa. Sasa Singida ndiyo njia ya Mwanza. Mabasi yanapita hapa kwenda Misigiri, yanateremka Sekenke, yanaingia Shelui. Utingo wanaita "Mwanza! Mwanza!" kutwa nzima. Likizo ile utingo akiita tu, watoto wa stendi walimalizia kwa kucheza kiuno, bila kutamka neno hata moja lililokatazwa. Sijui sheria ingewashika wapi.

Kuhusu maneno machafu nina mawazo mawili. Kuna nyimbo ambazo sipendi mpwa wangu wa miaka sita aziimbe mbele ya babu yake, na huwa nazima. Lakini akina bibi wanaolalamika sana nimewasikia kwenye harusi, usiku umekwenda, vijana wakidhaniwa wamelala, na walichokuwa wakiimba BASATA isingemaliza kukiandika. Tofauti ni kwamba wao walijua saa ya kuimba na nani asiwepo. Spika haijui nani yupo. Huo ndio ugomvi wangu na spika, pamoja na ule wa baa mbili za senta zinazotazamana, kila moja ikitaka kuizamisha mwenzake, hata usiweze kusikia bei ya sukari.

Singeli sitaisema sana. Ni muziki wa Manzese na Tandale, unakimbia, na ukijaribu kulima kwa singeli utarudishwa nyumbani kwa toroli. Watoto wanaitumia kufukuzia mbuzi.

Shughuli zenyewe zinapangana Desemba: kipaimara, ubarikio, harusi, send-off, kwa sababu ndipo ndugu wote wapo. Muziki unakodiwa, unakuja kwa bajaji umefungwa kamba za katani. Sehemu ninayoipenda ni utoaji wa zawadi. Mshereheshaji anaita "upande wa mama," DJ anaweka kibao cha mwaka, na kundi linaingia kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Wa mwisho kwenye kundi, mara zote, ni shangazi aliyebeba kuku mzima. Amemkumbatia chini ya kwapa la kushoto, mbawa zimebanwa, kichwa cha kuku kinatokeza mbele kama naye anatafuta meza kuu iko wapi. Mkono wa kulia wa shangazi uko juu unapunga leso. Kiitikio kikifika anazunguka, kuku anazunguka, halafu anateremka polepole mpaka chini na kupanda tena, na kuku hajapiga hata kelele. Nimeona wacheza dansi wa runinga wakiwa na mavazi ya kung'aa, sijaona aliyeweza hilo. Watu wanainuka kumtunza, wanamfutika noti kwenye kilemba. Akifika mezani wimbo umekwisha, lakini DJ anayejua kazi yake huurudisha, maana kuku bado hajakabidhiwa.

Kanisani mambo huwa na staha zaidi, ingawa si sana. Kwaya za vijana hufanya mazoezi ya mkesha kuanzia Novemba, na vijana wa Dar hufika wiki ya mwisho wakiwa na midundo mipya ya kinanda. Mwaka mmoja mzee wa kanisa alisimamisha mazoezi akauliza mdundo ule ameusikia wapi. Mwalimu wa kwaya akasema umetungwa kwa utukufu wa Mungu. Mzee akasema ndiyo, lakini jana ulikuwa baa. Ukapunguzwa kasi kidogo, ukapita.

Desemba 2024 kilichokuwa kikitamba ni "Komasava" ya Diamond. Wimbo mzima ni salamu, za lugha mbalimbali. Huku mtu anayepita bila salamu huonekana mgonjwa au mdaiwa, kwa hiyo wazee waliupokea vizuri kuliko wimbo wowote niliowahi kuona. Babu mmoja alisema hatimaye vijana wameanza na jambo la msingi. Watoto waliongeza salamu za Kinyaturu na za Kinyiramba, wakabishana ipi itangulie, utani ukaanza, na jioni nzima ikaishia hapo.

Januari mabasi yanageuza. Tunapakia kuku kwenye matenga, mafuta ya alizeti, asali kwenye madumu, vitunguu. Ndiyo biashara yetu na Dar: wanatuletea nyimbo, tunawapa kitoweo. Hakuna upande uliowahi kudai umepunjwa.

Bibi hununuliwa memori kadi kabla hatujaondoka. Binamu anampeleka kwa fundi simu wa senta, anarushiwa nyimbo za mwaka huo pamoja na za Rose Muhando, na kadi inachomekwa kwenye kiredio chake chekundu. Kuibadilisha hajui, wala kuruka wimbo hajui, kwa hiyo nyimbo zinakwenda kwa mpangilio uleule mpaka Desemba nyingine. Anakiwasha akisharudi kutoka shambani. Wimbo wa pili anawasha moto. Wa tano anasonga ugali. "Komasava" ilikuwa ya tisa, na ikianza tu, kuku wake walikuwa wameshazoea, wanajipanga wenyewe mlangoni pa banda.