Mchoraji Aliyelipwa Vizuri, Kisha Kazi Zikakatika

Unachora mabango, unapamba matatu ama unatengeneza nembo za wateja? Basi hii unaijua: mwezi huu simu hailali, mwezi ujao kimya.

Joseph Christian Leyendecker aliijua pia. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1874, na mwaka 1882 familia yake ikahamia Chicago, Marekani. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza picha za uchapishaji huku akisomea uchoraji. Baadaye yeye na ndugu yake Frank wakaenda Paris kuongeza ujuzi.

Mwaka 1899 alichora jalada lake la kwanza la jarida la Saturday Evening Post. Mwishowe alifikisha majalada 322! Kuanzia 1905 alichora pia matangazo ya Arrow, kola za kufungwa kwenye shati. Kijana mtanashati wa matangazo hayo alipendwa hadi watu wakamwandikia barua, kumbe ni picha tu. Pesa iliingia, na jamaa akajenga nyumba kubwa New Rochelle, karibu na jiji la New York. Aliishi kwa starehe na kutumia bila kujibana.

Kisha mambo yakageuka. Si eti kipaji kiliisha. Wanaume walianza kupenda shati lenye kola yake, na kazi ya Arrow ikafika mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jarida nalo likapata wahariri wapya, na jalada lake la mwisho likatoka Januari 1943. Nyumba ile kubwa bado ilihitaji kutunzwa, ikabidi aachishe wafanyakazi. Alifariki 1951, na baadhi ya michoro yake ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Wewe je? Fungua taarifa yako ya malipo ya miezi mitatu iliyopita, uangalie pesa imetoka kwa nani. Kama zaidi ya nusu imetoka kwa mteja mmoja, anza kutafuta wengine sasa, si siku atakapoacha kupiga simu. Omba malipo ya kwanza kabla hujashika brashi. Na kila malipo yakiingia, hamishia kidogo kwenye akiba siku hiyo hiyo, kabla matumizi hayajakuita.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mteja naye anaweza kuhama wakati wowote.